Ndege ya Majini ya Fundi Koki

Kwenye boksi waliandika "Tayari kuruka", na Fundi Koki, aliyeziba mabomba ya watu kwa miaka ishirini na sita, alisonya kila alipoyaona maneno hayo. Shemeji yake mwenye duka la vitu vya kuchezea alimwomba aijaribu hiyo ndege ya rimoti inayotua majini, kabla hajaagiza nyingine. Tayari wapi! Rimoti ilikuja bila betri, na bawa moja lililegea. Bwawani iliruka vizuri, haki ya Mungu, lakini kila ilipotua ilikunywa maji, ikainamisha pua na kuanza kuzama.

Alirudi nyumbani kapandwa na mori. Akavuta beseni la jikoni, ambalo kama kawaida lilikuwa limejaa, akaizamisha ndege na kutafuta mapovu kama fundi wa pancha.

"Mshono mzima unavuja! Mtu anauza chombo cha majini kinachovuja, hana hata haya?"

Akaziba kwa gundi, akasubiri ikauke, akajaribu tena mara nne. Mwishowe ndege ikaelea bila tone kuingia. Akampigia shemeji simu.

"Usiagize! Aliyeitengeneza ni mvivu tu. Kuziba uvujaji ni kazi ya nusu saa."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na tambara la kudekia, sakafu imelowa mpaka kizingitini.

"Nusu saa?" aliuliza. "Basi toa ndege yako, baba, urudishe beseni chini ya bomba letu. Linavuja tangu mwaka juzi."