Swali la Dawa ya Mchango

Darasa la pili ndilo la mwisho nililokalia, na sioni haya kulisema. Nilikata mawe machimboni tangu sharubu hazijaota, nikaja kununua lori langu, nikajenga nyumba hapa Malindi bila kumpigia mtu magoti. Na ndani ya nyumba hiyohiyo nilishindwa kufanya swali moja tu liulizwe.

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa mwanangu akiwa safarini. Ni dereva wa malori, maskani yake Mariakani. Mke wangu nilishamzika. Kwa hiyo mama wa mkwe wangu akaja kutoka Gongoni kumlea mzazi, kama ilivyo ada. Arubaini ikaisha, hakuondoka. Mkwe mwenzio hafukuzwi.

Kila asubuhi alichemsha mizizi, akamnywesha mtoto kwa kijiko. Jioni tena. Dawa ya mchango, alisema, maana mtoto alikuwa akilia na kujikunja tumbo. Mtoto akishajaa yale maji, titi halitaki. Analishika, analiacha, analala. Kliniki ya mwezi uliotangulia daktari alimwambia mkwe wangu kuwa uzito haujapanda, basi anyonyeshe zaidi. Anyonyeshe zaidi! Tumbo limejaa maji ya mizizi, maziwa yaingie wapi?

Nilimwambia bibi yule kwa adabu zote. Akanijibu, "Mzee, wewe umezaa mara ngapi?" Majirani waliokuwa uani wakacheka hadi wakashikana mabega. Nikampigia mwanangu simu. "Baba, hayo ni mambo ya wanawake," akasema, na honi ya lori ikanipigia kelele sikioni.

Basi nikaona afadhali daktari aseme yeye. Mimi bibi haniogopi hata kidogo, ila koti jeupe hulistahi.

Siku ya kuamkia kliniki bibi alikwenda matangani mtaa wa pili. Mkwe wangu akaja kuketi nami barazani, mtoto mapajani. Nikamwambia tutayarishe maswali. Mengine alikuwa nayo tayari: upele wa shingoni, kwikwi, kinyesi cha kijani, na kama mafuta ya nazi yanaifaa ngozi yake.

"Na ile dawa?"

Alitazama mlangoni kwanza. "Nitaiweka katikati, baba. Baada ya upele, kabla ya kwikwi. Isionekane sana."

"Anza nayo. Jiwe zito hubebwa asubuhi, mwili ungali na nguvu."

"Wewe baba, kila kitu kwako mawe!"

Nikajifanya daktari, nikakaza sauti. "Haya, mama, mtoto anakula nini?"

Akacheka. "Daktari wetu ni mwanamke, na ndevu hana."

"Jibu swali!"

"Ananyonya. Na anapewa dawa ya mchango, asubuhi na jioni. Je, ndiyo inayomfanya asinyonye vizuri?"

Alilisema sawasawa. Nikamfanya alirudie tena na tena hadi sauti ikaacha kutetemeka. Nikalala nimeridhika, kama mjinga.

Kesho yake hospitalini bibi aliingia na bintiye. Mimi nesi akanizuia: "Babu, ndani wawili wanatosha." Nikakaa kwenye benchi la mlangoni. Kati yetu palikuwa na pazia tu, na masikio yangu bado mazima.

"Mtoto anakula nini?" daktari akauliza.

"Maziwa ya mama tu," bibi akadakia, upesi, kama anayeitikia salamu. Wote walioingia kabla yetu walijibu hivyohivyo. Ndilo jibu la pale, wanalitoa mlangoni kama wanavyovua viatu.

Mkwe wangu akauliza habari ya upele. Akajibiwa. Nikasema moyoni, sasa.

"Na kwikwi je, daktari?"

Nikafunua pazia bila hodi. "Daktari, mtoto huyu ananyweshwa mizizi kila siku, ndiyo maana hakui. Muulize mamake."

Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia mkwe wangu. Alimuuliza kwa upole, siwezi kumlaumu. "Ni kweli, mama?"

Mkwe wangu alimtazama mamake. Bibi alikuwa akimfunga mtoto nepi, mikono yake imetulia tuli. Kisha yule msichana akasema, "Hapana, daktari. Baba amekuwa mtu mzima. Siku hizi anachanganya mambo."

Nesi akanishika kiwiko kana kwamba ningeanguka. "Twende, babu, tukae nje." Benchi zima likasogea kunipa nafasi. Hakuna kitu kilichonichoma kama ile nafasi.

Jioni mkwe wangu aliniletea chakula, akasimama, haondoki.

"Baba, nisamehe. Mama ninaye mmoja tu."

"Na mtoto unao wangapi?"

Akafunika sahani kwa kawa, akaenda zake. Sikumwita, na sijuti.

Wiki ileile bibi aliwachukua wote wawili wakaenda Gongoni. Kupumzika, alisema. Mwanangu aliridhia kwa simu, mimi nani? Kliniki sasa wanakwenda hukohuko, na mimi hupiga simu kuuliza ana kilo ngapi.

"Anaendelea vizuri, baba."

"Sijakuuliza hilo. Kilo ngapi?"

"Vizuri tu, baba."

Juzi nilimwambia amwekee mtoto simu mdomoni nimsikie, hata akilia, alie. Ilikuwa asubuhi, jua limeshachomoza vyema. Akaniambia amelala. Nikapiga adhuhuri, amelala. Nikapiga alasiri. Simu akaipokea bibi.

"Amelala, mzee. Hutaki mtoto alale?"