Koleo la Magogo

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo bado inanijia, hasa asubuhi nikisikia injini ikiwaka mbali. Nitakusimulia kama ninavyoikumbuka, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Shule niliishia darasa la nne, na kichwa changu si cha kuaminiwa sana.

Nilikuwa dereva wa trekta la kijiji kule Buganguzi, miaka ile ya ujamaa. Kwetu siyo huko. Kwetu ni Ijuganyondo, na ufundi wa kuchomelea niliupata kwenye gereji moja pale Miembeni, mjini. Buganguzi nilipewa chumba nyuma ya ghala la kahawa. Jioni nilipika ndizi zangu peke yangu, nikala peke yangu, nikaosha sufuria moja. Watu walinisalimia vizuri, siwezi kuwasingizia. Lakini salamu ikiisha, kila mmoja aliingia kibanjani kwake, ndani ya migomba yake.

Mahali pekee nilipopata watu ni kwenye magogo. Kijiji kilikuwa kinajenga madarasa, na mikaratusi iliyokatwa mlimani ilivutwa kwa kamba mpaka kwenye shimo la wapasua mbao. Trekta lilikuwa la kulimia tu. Siku za magogo niliacha usukani nikashika kamba kama wengine. Aliyetuimbisha ni mzee mmoja, Ta Kagoro, yaani Baba Kagoro. Alikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na kuikausha, na kabla ya kamba kushikwa kila mmoja alitia mkono akachukua punje zake. Kisha anaanza wimbo, na ndani ya wimbo anakuchokoza. "Huyu wa Ijuganyondo anavuta, au ameishikilia kamba asianguke?" Watu wanacheka, gogo linasogea. Sijawahi kutaniwa nikafurahi namna ile.

Siku moja, tukipandisha gogo penye mwinuko, kamba ikakatika. Kamugisha, kijana wa rika langu, alikuwa nyuma akisukumia kwa mtaimbo. Gogo likarudi, likampanda mguu. Mguu ulipona, lakini goti halikukunjika tena.

Sikuweza kulala vizuri baada ya hapo. Nikawa nawaza koleo la mhunzi, lile la kushikia chuma cha moto: mikono miwili iliyopishana, na pini katikati. Ukilining'iniza likauma gogo, uzito wa gogo wenyewe ndio unaolibana. Kadiri gogo lilivyo zito, ndivyo meno yanavyozama. Nikamweleza mwenyekiti, akanipa ruhusa, nikaenda Miembeni. Taya nilizikata kwenye springi za lori bovu. Pini ilitoka kwenye ekseli ya lori hilohilo. Nikafunga boriti ya chuma kwenye mikono ya nyuma ya trekta, ile inayoinua jembe, na koleo likaning'inia hapo.

Mara ya kwanza lilinitia aibu. Meno yalikuwa butu, yakamenya gamba la mkaratusi na gogo likabaki chini. Nikayanoa. Mara ya pili yalishika vizuri, lakini gogo lilipoinuka nyuma, magurudumu ya mbele nayo yakainuka. Kamugisha, ambaye alikuwa amekaa kwenye kisiki na fimbo yake, akasema, "Ndugu yangu, trekta lako limechoka, linataka kukaa." Nikatengeneza sanduku la chuma, nikalijaza mawe, nikalifunga mbele. Likatulia.

Tangu hapo hakuna aliyeumia kwenye magogo. Kamugisha mwenyewe alikuja chumbani kwangu kunishukuru. Hilo nataka ulijue kabla sijaendelea.

Lakini watu hawakuja tena. Wangekuja kufanya nini, wakati hakuna kamba ya kushika? Wengine walisema wanachuma kahawa, na ulikuwa msimu kweli. Labda ni mimi niliyewaza vibaya. Ta Kagoro peke yake ndiye aliyeendelea kuja, akakaa kwenye jiwe kando ya njia na kikapu chake. Stata ya trekta ilikuwa imekufa. Asubuhi nililiwasha kwa kuliachia kwenye mteremko wa nyuma ya ghala, kwa hiyo sikulizima mpaka jioni. Nilipompita mzee, niliona mdomo wake ukifunguka na kufungwa, nisisikie neno. Nikapunga mkono, nikaenda. Jioni, sufuria moja.

Kisha siku moja akasimama katikati ya njia. Nikafunga breki. Akaja mpaka kwenye gurudumu, akapaza sauti.

"Zima."

"Ta, stata haifanyi kazi. Na hapa ni tambarare. Nikizima, nani atanisukuma?"

"Ndicho ninachokuambia. Zima."

Nilishika usukani, nikaogopa. Injini ikiunguruma ningeweza kujiambia kwamba watu hawaji kwa sababu hawahitajiki. Nikizima, nikaita, na wasije, nitakuwa nimejua kwamba hawanitaki.

Nikalishusha gogo, nikazima. Kimya kilikuwa kikubwa mno. Ta Kagoro akaninyooshea kikapu, tukatafuna.

"Ulipofika hapa hatukukujua," akasema. "Tulikujua kwenye kamba. Koleo lako ni zuri, sina ugomvi nalo. Mguu wa Kamugisha umetuuma sote. Lakini umetengeneza kitu kisichotaka watu, halafu unakaa juu yake siku nzima, ndani ya kelele. Unadhani watakupata wapi? Sasa ita."

"Nimwite nani?"

"Wote. Au Ijuganyondo hamna sauti?"

Nikaita. Sauti ilitoka ndogo, mzee akacheka. Nikaita tena. Kwa muda nilisikia majani ya migomba tu. Nilianza kutazama chini. Halafu nikasikia fimbo ikigonga mawe. Alikuwa Kamugisha, na nyuma yake wanaume wakatoka vibanjani mmoja mmoja, na mama mmoja mwenye kahawa mbichi bado kwenye ungo.

"Limekufa?" akauliza huyo mama.

"Halijafa, mama. Linataka watu."

Wakashika. Ta Kagoro akaanzisha wimbo, na Kamugisha akawa anapiga bati la gurudumu kwa fimbo. "Huyu wa Ijuganyondo leo ni bibi harusi, amekaa juu tumsukume." Nikaachia klachi, injini ikashika. Nikaitikia wimbo juu ya kelele ile.

Baadaye kijiji kilileta stata mpya. Nikaendelea kuzima kwenye jiwe lile la Ta Kagoro, tukatafuna kahawa kwanza.

Leo naishi peke yangu tena. Watoto wangu wako mijini, Ta Kagoro na Kamugisha wamelala makaburini. Kwa hiyo usidhani nakufundisha kitu ambacho nakiweza kila siku. Lakini mwanangu, tengeneza. Mzigo unaovunja watu miguu uondoe, wala usione haya. Ukishauondoa, tazama ni nani walioubeba pamoja nawe, uwafuate walipo, maana mzigo ule ndio uliokuwa unawaleta. Na ukikwama, ita, hata kama unaogopa kimya kitakachofuata. Ukiita mara ya kwanza asiitike mtu, ita tena.

Mungu akupe mikono yenye kazi, na watu wa kukusukuma penye tambarare.