Wapangaji wa Mama Mdogo Benedikta

Habari ilinikuta nikimwambia mteja asicheke. Alikuwa kijana anayetaka picha ya paspoti, amekaa kwenye kigoda mbele ya kitambaa cha buluu, nami nimeshika kamera. "Inua kidevu, funga mdomo, usicheke," nikamwambia, maneno yale yale niliyofundishwa na mama mdogo. Simu ikaita. Alikuwa Mjomba Pantaleo.

"Shikamoo, Mjomba."

Hakuitikia marahaba. Nikasikia kelele za korido ya hospitali, kisha sauti yake. "Benedikta ametutoka. Presha ilipanda alfajiri, haikushuka tena. Funga duka, mama, uje nyumbani."

Nilipiga ishara ya msalaba nikakaa juu ya maboksi ya karatasi. Yule kijana alibaki vile vile, kidevu juu, mdomo kaufunga, akisubiri mwanga wa kamera. Ilibidi nirudie kumwambia kwamba nimefiwa.

Mama mdogo Benedikta alikuwa mdogo wake mama. Alikuwa na steshenari Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, kachumba kalikobanwa kati ya duka la mapazia na ngazi za ghorofani. Tulitoa fotokopi, tulichapa barua na kadi za harusi, tulipiga picha. Alinichukua nilipomaliza kidato cha nne, nikafanya naye kazi hadi mwisho. Alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, asiyekosa misa ya Jumapili wala maandazi ya Siwema, yule mama wa kona anayetia iliki bila huruma. Mkono wa kushoto andazi, mkono wa kulia unachapa. Makombo yote yalishukia kwenye kibodi.

Ndipo mende wakahamia. Si wale wakubwa wa chooni. Hawa walikuwa wadogo, wa rangi ya chai, wanaopenda joto la mashine. Walikaa ndani ya kompyuta mpakato yake kama watu wenye mkataba. Ukibonyeza herufi kwa nguvu, mmoja anachungulia. Mama mdogo aliwaita wapangaji. "Mwache huyo," angesema, "anakaa chumba cha herufi K."

Siku moja Mwalimu Awadhi alikuja kuchapiwa mtihani. Mende akakatiza kwenye kioo, mwalimu akashika mausi akaanza kumfukuza nayo, huku na huku, apate kumfunga. Alidhani ni tangazo.

"Mwalimu," mama mdogo akamwambia, "hilo halina alama ya kufungia. Lisubiri limalize safari yake." Akacheka mpaka andazi likampalia.

Mtu aliyeumia kwa jambo hilo alikuwa Athanas, fundi wa kompyuta wa ghorofa ya juu yetu. Athanas ni Mhehe, sisi ni Wangoni. Babu zetu walichomana mikuki, wajukuu tumebakiwa na utani. Kila akipita mlangoni alisema, "Mngoni, niletee hiyo mashine niisafishe, unafuga!" Mama mdogo alimjibu, "Mhehe, unataka kunifukuzia wapangaji ili uhamie wewe."

Wiki aliyolazwa mama mdogo, kompyuta ikazima, haikuwaka tena. Nikawa napiga picha na kuzipeleka kuchapwa kwa jirani.

Nyumbani kwetu Buguruni nilikuta turubai limeshafungwa na kina mama wa jumuiya wanasali rozari. Bibi Klara, mama yake mama mdogo, alikuwa kwenye jamvi, amenyoosha miguu, hali, halii, hasemi. Alianza kusema siku ya pili, Mjomba alipotaka picha ya kuweka kwenye fremu mbele ya jeneza. Mazishi yalikuwa kesho yake. Simu zetu zote zikapita mikononi mwa Bibi.

"Huyu anakula," akasema.

"Tazama hii, Mama," Mjomba akampa nyingine.

"Huyu naye anakula."

"Hapa hali, Bibi," nikasema mimi. "Amefunga mdomo."

"Anatafuna."

Ni kweli, alikuwa anatafuna. Harusini anatafuna, kwenye kipaimara changu anatafuna, ufukweni Kigamboni ameshika mguu wa kuku kama kipaza sauti.

Bibi akarudisha simu ya mwisho. "Sitamzika mwanangu akitafuna. Nitafutieni picha yenye heshima, la sivyo hatoki mtu hapa kesho. Hata padri atanisubiri."

Tulimjua Bibi. Mjomba akanitazama, mimi nikatazama chini, na hapo nikakumbuka. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mama mdogo alikaa mwenyewe kwenye kigoda ili nijaribu taa. Picha zake zilikuwa nyingi, bila andazi hata moja. Zote zilikuwa ndani ya kompyuta, pamoja na wapangaji.

Wakati huo huo, kilio na kicheko vikapanda pamoja getini. Athanas alikuwa ameingia kufanya kazi ya mtani, amejifunga kitenge cha mama mdogo, kilemba kichwani, mto tumboni.

"Nani kasema nimekufa?" akapaza sauti. "Mimi Benedikta nimerudi, nimesahau andazi langu!" Akakaa chini, akawa anachapa kwa mkono mmoja juu ya sinia la mchele. Kina mama walicheka machozi yakiwatoka. Mtani msibani ana ruhusa, hakuna wa kumkasirikia. Bibi peke yake hakucheka.

Nikamvuta Athanas kitenge. "Mtani, inuka. Tunaenda Kariakoo, kuna picha kwenye ile kompyuta."

"Ile yenye watu?"

"Ile ile. Bila picha Bibi hakubali tuzike."

Tulifika Narung'ombe mchana, jua la utosi, yeye bado na kitenge chake. Niliitoa kompyuta nikaiweka kibarazani. Athanas akanipa bisibisi, akapanda juu ya kigoda cha paspoti.

"Mbona unanipa mimi?"

"Stela," akasema kwa sauti ya chini, "mimi naogopa mende."

"Wewe? Fundi?"

"Miaka yote hiyo, unadhani kwa nini sikuja kuichukua mwenyewe? Nilikuwa namwambia alete kwa sababu nilijua haleti!"

Nilianza kufungua skurubu huku nikitetemeka kwa kicheko. Yeye alielekeza kutoka juu, kitenge kakikusanya magotini. "Hiyo ya pembeni. Usipulize dawa, dawa itaua na diski! Sasa bandua kava, taratibu. Taratibu, nimesema! Mama yangu wee!"

Walitoka. Sijui niseme walitoka kama nini, labda kama watu wa Kariakoo mvua inapoanza, kila mmoja na njia yake. Wengine walipita juu ya vidole vyangu, wengine walikata kona moja kwa moja kwenye duka la mapazia. Hafidhi, mwenye duka, alikuwa amepanda juu ya robota la vitambaa.

"Nyie! Mna msiba au mna vita?"

"Msiba!" tukaitikia pamoja.

"Poleni sana!" akasema kutoka kule juu, akimpiga mmoja kwa kandambili.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikasema moyoni, Bwana nisamehe, mama mdogo yuko mochwari nami nacheka barabarani. Lakini sikuhisi kwamba Mungu amekasirika. Nilihisi kama mtu amenishika mkono.

Tulipokung'uta waliobaki, tuliona walivyoishi. Feni ilikuwa imezibwa na makombo, na vijifuko vya mayai vimepangwa pembeni kama maharage. Athanas alishuka, akachungulia kwa mbali.

"Mashine imeliwa, mtani. Hii haiamki. Ila diski bado nzima." Akaichomoa kwa ncha za vidole, akaipuliza, akaipuliza tena, akaniomba niikague kama haina mtu. Juu kwenye meza yake akaiunganisha na kompyuta yake mwenyewe. Kisha uso wa mama mdogo ukatokea.

Jioni ile tulimwekea Bibi kompyuta ya Athanas mapajani. Mama mdogo mbele ya kitambaa cha buluu, kidevu juu, mdomo umefungwa. Picha moja, ya pili, ya kumi, zote hivyo hivyo.

Bibi akatikisa kichwa. "Huyu si mwanangu. Huyu ni mtu anayekwenda uhamiaji."

"Mama," Mjomba akasema, "si ulitaka yenye heshima?"

"Nimesema heshima. Sikusema nimzike askari."

Athanas akaendelea kuzipitisha. Ghafla Bibi akamshika mkono. Kwenye picha hiyo mama mdogo alikuwa anacheka, kichwa kimeinama kidogo, meno yote nje, macho yamejaa. Mdomoni hamna kitu.

"Huyu," Bibi akasema. "Huyu ndiye." Akasogeza uso karibu na kioo. "Na kumbe siku hiyo alijipamba, alivaa bruchi begani."

Mimi niliikumbuka siku hiyo, maana nilikuwa nimepiga kelele, "Mama mdogo, begani!"

"Mama," Mjomba akaanza, "hiyo si bruchi."

"Ni nini?"

Athanas akakohoa. "Ni mpangaji, Bibi. Naweza kumfuta, ni kazi ndogo."

Bibi akainamia kioo tena. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kinatoka mbali. "Mwacheni," akasema. "Naye amefiwa. Mwenye nyumba wake kaondoka." Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka, na katikati ya kicheko kile kile kilio kikamshika, kile alichokuwa amekizuia tangu asubuhi ya jana. Nilimkumbatia. Usiku akala uji.

Kesho yake nilibeba fremu mbele ya jeneza, kutoka nyumbani hadi kanisani. Mama mmoja wa jumuiya alininong'oneza, "Bruchi nzuri, aliipata wapi?" Nikamjibu, "Hapo hapo dukani." Padri alisoma misa, akataja jina lake la ubatizo, akanyunyiza maji ya baraka. Tulipita mstari mmoja kumuaga, jeneza likafungwa.

Tulimzika makaburi ya Segerea saa tisa alasiri. Jeneza liliteremshwa kwa kamba. Bibi Klara aliweka udongo wa kwanza, akafuata Mjomba Pantaleo, kisha mimi. Zamu ya Athanas ilipofika, watu walisubiri neno la mtani. Alishika udongo, akauachia, akarudi nyuma. Vijana walifukia, msalaba ukasimikwa, fremu ikaegemezwa hapo, mashada yakawekwa. Tuliimba, tukasali sala ya kuwaombea marehemu, Mjomba akawashukuru waliokuja. Kisha tukamshika Bibi mikono, tukarudi nyumbani.