Tiketi Zilipohamia Kwenye Simu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye geti la uwanja wa mpira, nilikabidhiwa kiti cha mbao, sanduku la bati lenye tundu juu, na kitabu cha tiketi. Katibu wa Michezo wa shamba la majani chai, mtu asiyependa maneno mengi, alinionyesha jinsi ya kuchana: kipande kikubwa anapewa shabiki, kidogo kinabaki kitabuni, na mechi ikiisha vile vidogo vinalinganishwa na watu walioingia. Kisha akaniambia nimtazame kila mtu usoni kabla ya kupokea pesa yake. "Huyo amechuma chai wiki nzima ndio aje hapa," akasema. "Msalimie."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya karani wa geti. Baadaye nilihamishiwa Bomet, ambako Msimamizi wa Uwanja alinifundisha kupanga foleni kwa kamba, watu wazunguke kushoto na kulia badala ya kusukumana mlangoni. Mwishowe nikapelekwa Kericho, kwa klabu yetu kubwa, nikawa mkuu wa mageti.

Huko ndiko nilikomjua Mama Chebet wa Sosiot. Ana chai kidogo na ng'ombe wa maziwa. Kila mechi ya nyumbani alikuja na majirani zake kwa lori la kubebea majani, wakakaa kwenye teresi, zile ngazi za saruji zisizo na paa ambazo tiketi yake ni ya bei ya chini. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Hata mvua ya alasiri iliponyesha, waliendelea kuimba.

Kisha akaja Meneja wa Mauzo, kijana aliyesoma na mwenye adabu. Alieleza kwamba tiketi za karatasi zilikuwa zinaghushiwa, na katika hilo alisema kweli. Kwa hiyo tiketi zikahamia kwenye simu. Shabiki ananunua kwa mtandao, anatumiwa alama ya miraba myeusi, na mashine yetu inaisoma getini. Bei ikapanda, na kwa mechi kubwa ikapanda tena. Wengi wa watu wetu walikuwa na kabambe, simu ndogo isiyoweza kufungua mambo hayo. Walanguzi waliona nafasi yao. Walinunua tiketi za teresi mara tu zilipotolewa, wakaziuza nje ya uwanja kwa bei waliyotaka.

Siku ya nusu fainali Mama Chebet alifika na karatasi iliyochapishwa alama hiyo. Mashine ikawaka nyekundu. Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Mlanguzi alikuwa ameuza alama moja kwa watu kadhaa, na mmoja alikuwa ameshaingia nayo. Majirani zake nao walikuwa na karatasi kama hizo.

"Arap Rono," akaniambia, "wewe unanijua mimi."

"Nakujua, mama. Lakini mashine imekataa, na mimi siwezi kukupitisha."

Nyuma yake watu walianza kusukuma. Niliogopa, kwa sababu geti lilikuwa jembamba na kulikuwa na watoto. Yeye akageuka, akawaambia kwa Kipsigis wasimkanyage mtu, watoke wote. Wakatoka. Wakaketi kwenye nyasi kando ya barabara, mvua ikiwanyeshea, na hakuna aliyeimba.

Nilimwita Meneja aje aone. Ndani, teresi ilikuwa na mapengo, kwa kuwa baadhi ya walanguzi walibaki na tiketi ambazo hazikupata mnunuzi. Nje walikuwa hawa. Alisimama akiwatazama, kisha akarudi ofisini. Tulifungwa siku hiyo, na uwanja ulikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi.

Mechi zilizofuata lori halikuja. Meneja alitaka kunituma Sosiot nikawabembeleze. Nilimwambia ningemsindikiza, lakini maneno yawe yake. Akakubali. Mama Chebet alitupokea vizuri, akatupa mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, na Meneja alipomaliza kueleza shida za klabu, akamjibu taratibu.

"Sisi hatuombi bure, kijana wangu. Tuuzie hapa sokoni, bei tunayoweza, kabla tiketi hazijawafikia hao walanguzi."

Halmashauri ya klabu ilibishana sana. Hatimaye sehemu ya teresi ikatengwa, tiketi zake zikauzwa kwa mkono kwenye masoko ya Sosiot na Kedowa siku chache kabla ya mechi, kwa bei ya zamani. Mechi kubwa zilibaki ghali, na walanguzi bado wapo. Hatukupata yote. Lakini lori lilirudi, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuzungusha tiketi hizo sokoni.

Sasa nimestaafu, nalima viazi na kuangalia ng'ombe. Majuzi klabu iliniambia niingie bila kulipa, kwa mlango wa pembeni. Nilishukuru, nikakataa. Nilikuwa nimeuza tiketi maisha yangu yote na sikuwahi kununua hata moja. Nikaenda soko la Sosiot, nikapanga foleni. Karani alikuwa binti nisiyemjua, wala yeye hakunijua. Aliinua uso, akanisalimia, akauliza nataka ngapi.

Nikamwambia moja, ya teresi.