Zamu ya Adela

Juzi mwenyekiti wa jumuiya yetu alitangaza kwamba msalaba, unaolala kila nyumba kwa zamu, utaruka nyumba ya binti aliyezalia nyumbani. Papo hapo nikasikia harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha, kule Mbinga nilikokulia.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, wazee wa jumuiya walimnyima jirani yetu Adela zamu yake kwa kosa hilohilo. Mama, kiongozi wa jumuiya, aliutwaa msalaba, akaufunika kwa kanga, akatoka. Nilimfuata nikilia, nikiamini ameiba. Honi ilipolia barabarani nilijua ni polisi. Kumbe ni wanunuzi binafsi wa kahawa, wageni kwetu wakati huo.

"Mama, tuurudishe!"

"Nyamaza. Beba hiki kigoda cha kuuwekea msalaba."

Adela alitupokea amepiga magoti, mtoto mgongoni.

Basi juzi, baada ya tangazo lile, niliinuka, nikauchukua msalaba. Mwenyekiti akanizuia mlangoni.

"Unaupeleka wapi?"

"Kwa mwenye zamu. Na wewe, beba kigoda."