Kriminali na Kata Tatu za Pombe

Leo nimetoka kortini natema mate, wala sikula kitu kibaya.

Shangazi yangu wa Temeke alishtakiwa kwa kupika pombe bila kibali, siku tuliyomtoa mwali wetu.
Pombe ya mtama, ya sherehe tu.

Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, akasema shangazi ni kriminali.
"Ndiyo nini hiyo?" shangazi akamuuliza mkalimani.
Mkalimani akaweka tai sawa. "Mhalifu. Mwizi, muuaji na wewe, wote mnaitwa hivyo."

Yaani mama anayepokea shikamoo za mtaa mzima, leo kapu moja na wauaji.

Shangazi akamtazama. "Na wewe uliyekunywa kata tatu siku ile, ukaomba na ya kubeba, Kiingereza kinakuitaje?"

Bwana Shauri akauliza mama anasema nini.
Mkalimani akaweka tai sawa tena, akajibu kwa Kiingereza. Mie cha shule nakielewa kidogo.
"Anaomba msamaha, Bwana."


Nyie mngemwitaje mtu huyo?

Maana tuna mwali mwingine wa kumtoa, na pale mlangoni mwa korti mkalimani huyo huyo ameninong'oneza akiuliza pombe itaiva lini.