Nani Ameshika Upande wa Pili wa Shuka?

Saa moja na robo asubuhi, na tayari shuka la kumi na nne limeshapata kipigo chake.

Mama Mkunjo analinasa pembe mbili kwenye nondo za dirisha, anarudi kinyumenyume hatua tano, analivuta mpaka nondo zinalia. Anatembea tena hadi dirishani, anazinasua pembe, anakunja, anarudi kinyumenyume. Hii ni kazi ya watu wawili. Leo mwenzake ni dirisha.

"Hili dirisha lina afadhali," anasema kwa sauti kubwa. "Halinuni."

Maneno hayo hayakutumwa kwa mwandishi wa habari hii. Yamevuka chumba kizima, yakapita mashine tatu za kufulia (moja mbovu tangu mvua za mwaka jana), yakafika kwenye kamba za kuanikia. Huko, mwanamke mwenye kilemba cha bluu anabana foronya kwa vibanio kana kwamba anambana mtu masikio. Ni wifi yake, dada wa mumewe. Leo ni siku ya tisa hawasemeshani.

Hiki ni chumba cha kufulia cha hospitali. Hupita humu mashuka mia mbili na sitini kwa siku, na kwa miaka kumi na tisa mawifi hawa ndio wameyakunja. Mkunjo wao unajulikana wodi zote. Wauguzi huapa kwamba seremala mmoja aliyelazwa wodi ya tano alitumia pembe ya shuka lao kupimia rafu ya dawa, na rafu hiyo mpaka leo haijainama. Anayebisha aende na pima maji.

Mkunjo wenyewe una hesabu. Moja, rudi nyuma. Mbili, kung'uta. Tatu, kutaneni katikati. Hapo kwenye tatu mmoja humkabidhi mwenzake pembe zake, na haachii mpaka aambiwe "nimeshika."

"Ukiachia kabla hujaambiwa, shuka linaanguka sakafuni, linarudi kufuliwa," anaeleza Mama Mkunjo. "Kwa hiyo mara mia mbili na sitini kwa siku kuna mtu ananiambia nimeshika. Mume wangu tumeoana miaka ishirini na sita, hajaniambia hata mara moja."

Hacheki. Anavuta shuka la kumi na tano.

Kilichowatenganisha ni filamu ya dakika kumi na mbili.

Miezi mitano iliyopita alifika hapa mwongozaji wa filamu, mwanamume mpole mwenye miwani ya duara. Alisema anatengeneza filamu fupi ya majaribio, hadithi ya kubuni ya kisayansi kuhusu miaka ijayo, akaomba kuwarekodi watu wakiwa kazini. Akaruhusiwa. Akarekodi siku mbili. Wakati wa kuondoka akaomba na shuka, maana ukumbi wa maktaba atakamoonyeshea filamu hauna pazia jeupe la kuangushia picha. Mawifi wakashona mashuka mawili yakawa moja, wakalinyoosha, wakamkunjia, wakampa bure na baraka juu yake.

Lakini siku ile ya kurekodi Mama Mkunjo alifanya kosa. Kamera ilipomgeukia wifi yake, alipaza sauti: "Huyo msimchukue sana, atawapasulia kioo!"

Wote walicheka. Wifi naye alijibu papo hapo: "Wakuze na uso wako waone kama ukuta wa maktaba utatosha!" Ndivyo walivyozoeana. Siku wasiyotukanana kwa utani, watu huuliza nani anaumwa.

Onyesho la kwanza likafika, Mama Mkunjo akiwa zamu. Wifi alitoa sandukuni gauni alilovaa kwenye harusi ya mwanawe, akamchukua mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na moja, akachukua na majirani wanne. Wakakaa mstari wa mbele.

Filamu inaonyesha dunia ambayo watu wamekwisha. Zimebaki mashine, na mashine hizo zinaendelea kufua mashuka ya hospitali isiyo na mgonjwa. Mama Mkunjo ndiye mashine, uso wake umegeuzwa bati kwa kompyuta. Wifi yake hayumo kabisa. Amefutwa. Shuka linarudi nyuma lenyewe, linajikung'uta lenyewe, linakuja kukutana na bati. Upande wa pili hakuna mtu.

"Mama akaniuliza, 'Wewe uko wapi humo, mwanangu?'" anasema wifi huku akikibana kibanio mpaka kinapasuka. "Nikamwambia subiri. Akauliza tena. Dakika zote kumi na mbili anauliza, na majirani wamegeuka wananitazama mimi. Lile shuka lilikuwa mikononi mwangu! Ndiyo maana halikuanguka!"

Jumatatu yake alimwambia wifi yake maneno machache tu. "Uliwaambia wasinichukue, hawakunichukua. Haya, kunja na hewa yako." Akahamia kambani.

Leo, saa tisa alasiri, filamu inaonyeshwa mara ya pili. Mama Mkunjo anakwenda na sare yake ya kazi, na harufu ya sabuni inamtangulia mlangoni.

Ukumbini kuna kamba iliyofungwa ukuta hadi ukuta. Kila mtazamaji huandika maoni yake kwenye kadi na kuyaning'iniza kwa kibanio. Kadi za onyesho la kwanza bado zipo, naye anazisoma moja moja, mkono kiunoni.

"Roboti ni nzuri ila mikono ina makunyanzi mno, haishawishi."

"Uso hauna hisia hata chembe. Hongera kwa mafundi walioutengeneza."

"Sikuelewa kitu. Dakika kumi na mbili kama mwaka wa njaa."

"Naomba kujua roboti inauzwa wapi. Nina duka la nguo."

"Mwenye duka la nguo aje aninunue," ananguruma Mama Mkunjo. "Aje tu. Nitamnyoosha nikiwa nimechomekwa kwenye umeme!"

Kadi ya mwisho anaisogelea. Imeandikwa kwa wino mzito usiofutika, ule ule wa kuandikia majina ya wodi kwenye mapindo, kwa herufi kubwa zilizolalia kushoto. Herufi hizo amezisoma miaka kumi na tisa. NANI AMESHIKA UPANDE WA PILI?

Chini yake mtu mwingine ameongeza kwa penseli: "Swali zuri! Ndilo fumbo la filamu."

Mama Mkunjo anaichomoa, anaitia mfukoni, anaketi mstari wa mbele. Filamu inaanza, inakwisha. Mwenyekiti wa kikao anakaribisha maoni, na bwana mmoja mwenye tai anasimama.

"Kilichonigusa ni kutokuwepo," anasema bwana huyo. "Ile hewa iliyoshika shuka, kwangu mimi, ndiyo mhusika mkuu."

"Hewa ina watoto watatu!" Mama Mkunjo amesimama. "Hewa imevunjika kifundo cha mkono wa kulia kwa kubeba mashuka mabichi, ikarudi kazini siku ya kumi na mbili! Hewa ni wifi yangu!"

Ukumbi unageuka. Mwongozaji anavua miwani.

"Mama, naomba unielewe. Ile ni sanaa, siyo dharau. Nilitumia wiki tatu nzima kumfuta, pembe kwa pembe."

"Wiki tatu?" Sauti inatoka mlangoni. Kilemba cha bluu. Wifi naye amekuja kufuata jibu la kadi yake. "Doa la damu iliyokauka nalitoa asubuhi moja. Mimi nimekutoa jasho wiki tatu, na bado sijatoka! Rudisha dakika ya saba. Tazama kwenye pembe, shuka limefinywa. Hewa inafinya?"

Mwongozaji anarudisha. Dakika ya saba, pembe mbili za shuka zimefinyika kama midomo ya mtu anayezuia matusi. Bwana mwenye tai anaketi polepole.

"Wifi," anasema Mama Mkunjo. "Njoo ushike."

Wanapanda viti viwili na kulichomoa pazia kwenye misumari, mashine ya kuonyeshea ikiwa bado inawaka. Filamu inaanguka kwenye ukuta wa kijani wenye ufa. Moja, wanarudi nyuma, na mstari wa mbele unainuka na viti vyake. Mbili, wanakung'uta. Mwandishi alikuwepo na yuko tayari kula kiapo: upepo wa shuka lile ulifunga madirisha mawili na kubeba kadi za maoni mpaka kwa wasomaji wa magazeti chumba cha pili.

Tatu, wanakutana katikati.

"Ule ulikuwa utani, wifi yangu," anasema Mama Mkunjo, vidole vyake juu ya vidole vya mwenzake.

"Najua ulikuwa utani. Ungekuwa kweli ningekupiga. Kilichoniuma ni kwamba wewe ulisema kwa mdomo, hawa wakaenda wakafanya."

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sijasikia."

"Nimeshika, kiziwi we!"

Mama Mkunjo anaachia.

Mwongozaji anasema ataangalia uwezekano wa kuirekebisha filamu, ingawa si kazi ndogo. Mawifi hawana haraka na uwezekano, wana masharti. Wifi arudi kwenye upande wake wa shuka. Uso wa Mama Mkunjo uvuliwe bati. Na mwisho wa filamu yaandikwe majina yao mawili, yaambatane na neno wafuaji.

"Kufuta wiki tatu, kurudisha wiki tatu," anasema wifi. "Ila asizidishe hata siku moja. Mama yangu ana miaka themanini na moja, nataka akae tena mstari wa mbele, aniulize niko wapi humo, nimwonyeshe kwa kidole."

Mpaka siku hiyo ukumbi wa maktaba utafute pazia lingine. Lile la mawifi liko kwenye rafu ya juu ya chumba cha kufulia, limekunjwa mara nane, na kwenye pindo lake kuna neno moja la wino usiofutika, kwa herufi zilizolalia kushoto: HALIAZIMWI.